Mwanga wa Dirishani

Jumatatu, 3 Juni
Nimeanza masomo ya picha mtandaoni. Darasa lenyewe simu, imeegemea birika. Mimi! Mpiga picha wa mji mzima, niliyesafisha picha chumba cha giza mpaka kucha zikawa njano, leo nafundishwa na binti rika la mjukuu wangu! Lakini mjukuu kaweka sharti: Babu, ukifaulu, harusi yangu utapiga wewe. Ukifeli, anaitwa kijana wa kamera inayoruka. Inayoruka! Huyo nzi, si mpiga picha.

Jumanne, 4 Juni
Kazi ya kwanza: mtu hai, mwanga wa dirishani. Bi Cherehani, fundi nguo mstaafu tunayesoma naye, katuma jirani akimenya viazi. Mwalimu akasema picha ina uhai. Uhai wa viazi! Nikaandika kwamba studio kwangu watu walikaa wima, hawapepesi jicho. Bi Cherehani akajibu eti hata maiti hawapepesi. Mama huyu hana adabu.

Alhamisi, 6 Juni
Akili ni nywele, zangu zimehamia ndani. Nimeshusha ukutani picha ya marehemu mke wangu. Niliipiga mwenyewe, dirisha la studio, siku aliyokuja kuchukua picha za pasipoti akasahau kuondoka. Mwanga umemlalia shavuni kama paka. Nikaipiga kwa simu, kingo za fremu nikazikwepa, nikatuma. Nani atajua?

Ijumaa, 7 Juni
Mwalimu kajua. Kasema mwanga mzuri hivyo hajapata kuuona, ila yule mzee mwenye kipara kifuani mwa mama ni nani? Kumbe kioo cha fremu kimeninasa! Bi Cherehani akaandika: mwezi mpevu huo. Darasa zima kicheko. Mwalimu kwa upole: shikamoo mzee, nakupa nafasi moja tu, mpaka kesho jioni. Mtu hai, tafadhali.

Jumamosi, 8 Juni
Mjukuu kaja mwenyewe, kakaa dirishani. Nikamwamuru: kaa wima, usicheke, usipumue. Akacheka. Cheko la bibi yake lilelile, la siku ya pasipoti! Vumbi likaniingia machoni, nikasahau kubonyeza. Jua likahama. Akasema, Babu, piga basi, mwanga bado upo. Nikamwambia aende zake, kazi imeisha.
Haikuisha. Lakini mzee haaibiki mara mbili. Nimemtoa bibi yake kwenye fremu, nimempiga upya, nimetuma. Harusi napiga mimi! Safari hii kioo hakuna, na kofia nimevaa.