Ufunguzi wa Chumba cha Kupumzikia Wauguzi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, waheshimiwa wajumbe, Mganga Mkuu, Matroni, wauguzi wa wodi zote, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mkubwa niliyemsahau, ajihesabu ametajwa. (Makofi.)

Mimi, Mkurugenzi wenu wa Ustawi wa Watumishi, nimesimama kifua mbele kuwaeleza jinsi menejimenti yangu ilivyoushughulikia kimkakati msongo wa mawazo kazini, ambao, kwa mujibu wa utafiti nilioufanya ofisini kwangu bila kumuuliza mtu, unashusha utendaji wa muuguzi kwa asilimia sitini na moja nukta nne. (Minong'ono.)

Mnamfahamu muuguzi wa wodi ya wanawake, mnayemwita Dada Mkubwa. Alinijia akasema wagonjwa ni arobaini, yuko peke yake, na ameanza kuchanganya wagonjwa. Nilimsikiliza kwa makini, nikampa fomu ya kupima msongo, kurasa ishirini na mbili, aijaze huku akiendelea na kazi. (Kicheko nyuma.) Akawa anaijaza asubuhi ile alipofika kwa mama mkwe wangu, aliyelazwa kitanda cha tisa, na sindano ya mgonjwa wa kitanda cha kumi.

Mama mkwe alimshika mkono taratibu. "Mwanangu, hiyo si yangu. Hebu kaa kwanza."

Dada Mkubwa akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia mpaka kofia ikamdondoka.

Nilichukua hatua. Niliunda kamati, nikaiongoza, nikaipongeza. Nikamwandikia Dada Mkubwa barua ya onyo, kisha barua ya kuifuta ile ya onyo, baada ya mama mkwe kuniita na kuniuliza, mbele ya mke wangu, ningewahudumiaje watu arobaini mimi ambaye kumwandalia mgeni mmoja chai hunitoa jasho. Papo hapo niliahidi chumba.

Muuguzi apumzike! (Wachache: Apumzike!) Tija ipande! (Mmoja: Ipande!)

Namshukuru fundi seremala kwa mlango huu mzuri. Nikishakata utepe, tafadhali msiusukume mlango, kwani nyuma yake ni ukuta. Hakuna ramani, wala barua iliyowahi kuandikwa kuomba chumba, na aliyetakiwa kuiandika barua hiyo ni mimi. Zaidi ya wote namshukuru Dada Mkubwa, ambaye hakuweza kufika, maana wakati ninyi mnanipigia makofi hapa, wodi zote amebaki nazo yeye peke yake.

(Wauguzi wanainuka, wanaondoka mbio.)