Viti Kumi na Viwili

Jumatatu, 4 Machi
Watoto kumi na wawili waliandikishwa mazoezi. Leo wamekuja saba! Wote wana ADHD, kutulia kwao ni kazi kubwa kuliko kukimbia. Hilo nalijua, nilihudhuria semina. Nikawapanga mstari, nikaeleza sheria za mpira dakika ishirini. Kufika sheria ya tisa nilikuwa nalihutubia kabati. Meneja wa ukumbi anakuja Ijumaa kuhesabu. Wakiwa chini ya sita, saa zetu anapewa shemeji yangu, mke wa kaka, anayefundisha mazoezi ya akina mama. Nawapenda watoto hawa. Sitaki kuwapoteza.

Jumanne, 5 Machi
Mbinu mpya: mpira mmoja, foleni moja, kila mtu asubiri zamu. Nidhamu! Zamu ya tatu haikufika. Foleni ilikuwa imepanda dirishani. Binti wa fundi cherehani, miaka minane, akaniuliza mazoezi yanaanza saa ngapi. Nikamjibu ndiyo haya. Akanionea huruma. Shemeji akachungulia mlangoni, akauliza kwani ile mipira kumi ya stoo ina kazi gani. Nikamwambia asinifundishe kazi.

Alhamisi, 7 Machi
Watano! Fundi cherehani kanipigia: binti yake anasema kwangu ni kama benki, kusubiri tu. Nimembembeleza amlete kesho, mara ya mwisho. Nimekuna kichwa mpaka jibu likaja. Wanachoka kusimama! Nimeazima viti kumi na viwili vya plastiki. Watasubiri wameketi.

Ijumaa, 8 Machi
Sita kamili, binti akiwemo. Nikawaketisha, nikaenda getini kumpokea meneja. Kurudi, balaa! Viti vimezagaa ukumbi mzima. Wengine wanapita chini yake, wengine wanaviruka, wengine wanavisukuma ukuta hadi ukuta. Nikatafuta filimbi yangu. Binti alikuwa anaipuliza. Nikasubiri kufukuzwa. Nusu saa nzima hakuondoka mtoto hata mmoja. Meneja akauliza nani kabuni mchezo huu mzuri. Nikakohoa, nikasema ni mimi. Binti anamwomba mama yake, yule fundi, amlete hata kesho. Nikaenda chooni, nikalia kidogo. Ukumbi ni wetu!

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari kwa kina. Siri ni viti. Shemeji anasema siri ni kuwaacha wakimbie. Wivu huo! Seremala anakuja Jumatatu kuvipigilia misumari sakafuni, ili safari hii wakae. Na sheria za mpira nimezifikisha kumi na nane.