Mwiko wa Matete

Jumatatu, 9 Oktoba

Chabani ameyajua matete yangu! Matete ya upande wa mto Ruzizi, pahali pangu pa siri pa kuvulia, panaponilisha tangu nilipooa. Jirani huyo amekuja na mitumbwi miwili, akanipungia mkono. Nami nimempungia. Moyoni nimemtukana.

Mchana, bahati. Mtafiti mmoja, Eliane, anazunguka hapa kwetu Kasenga akiwauliza wavuvi mambo ya mababu, ati yaingie katika sheria za ziwa. Nimemwambia marehemu babu alikataza watu kuvua kwenye matete mvua zikianza. Mwiko mkali! Anayeuvunja huvimba tumbo. Ameandika yote. Chabani atasikia tu, na Chabani ni mwoga wa magonjwa. Mimi nitavua alfajiri, peke yangu.

Jumatano, 11 Oktoba

Eliane ametaka kuyaona matete. Hilo sikulitegemea. Ametega wavu wake, akakamata samaki mmoja, ngege, akamfungua kinywa. Mayai! Kinywa kimejaa mayai. Amesema ngege jike huyalea humo mpaka watoto waweze kuogelea, na muda wote huo hali kitu. Ngege wangu hutema vitu hivyo mtumbwini kila msimu wa mvua. Siku zote nilidhani wanatapika kwa sababu ya mawimbi.

Nimeomba kutazama tena. Na tena. Yai moja lilikuwa na macho mawili tayari, yananitazama. Nimeona haya mbele ya yai.

Lakini uongo niliotunga mwenyewe umepataje mayai ya kweli?

Ijumaa, 13 Oktoba

Swali limeninyima raha. Nimemwendea Mama. Amecheka mpaka kitenge kikamfunguka. Kumbe mwiko ulikuwepo kweli! Wazee wa zamani waliuweka. Na babu? Babu ndiye aliyeuvunja, akatozwa mbuzi mbele ya watu. "Weye na babu yako muko sawa tu," akasema.

Nimeuliza kama tumbo lilimvimba. Amesema lilimvimba, kwa kushiba ngege.

Jumapili, 29 Oktoba

Msiba! Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, ametangaza ufukweni: matete yamefungwa mpaka mvua ziishe. Utafiti umekubaliana na wazee, amesema. Kisha akanitaja mimi, Firmin, kuwa mlinzi. Makofi. Chabani amepiga kuliko wote, halafu akanishukuru: amehamia kwenye mawe ya kusini, na samaki aina ya mikebuka huko ni wengi ajabu.

Mimi nina kofia ya mlinzi. Nyumbani tumekula sombe, majani ya muhogo matupu, bila samaki.

Jumatatu, 30 Oktoba

Nimefikiri sana. Sheria ni nzuri. Ngege wazae, nasema kwa moyo wote. Ila wale mikebuka wa Chabani, nao hawana watoto? Nani amewahi kuwachungulia?

Nimempigia Eliane simu. Nimemwambia babu alikuwa na mwiko mwingine, wa mawe. Amefurahi sana, akauliza unaanza lini.

Nimesema unaanza kesho. Na hauwahusu wajukuu wake.