Mkono wa Majani Manne

Jumatatu, 3 Machi
Wananchi wajulishwe: leo saa nne na dakika kumi asubuhi, mimi Obure, mkulima wa mashina mia sita ya chai na mgombea wa uenyekiti wa kituo chetu cha kuuzia majani ya chai, nimeombwa tawi moja. Tawi! Fundi Masese anajenga sanamu pale njia panda ya Sotik: mkono mkubwa wa saruji ulioshika chai, heshima kwa wachumaji. Anataka mfano wa kuiga. Jina la mtoaji litaandikwa chini. Nyagaka, mpinzani wangu, asisikie! Kura ni tarehe kumi na tisa. Nimeshashinda.

Jumanne, 4 Machi
Nimechuma, nimepeleka. Esnah, mke wangu, aliuliza mbona sikumwachia yeye, mchumaji wa miaka ishirini. Nikamwambia haya ni mambo ya uongozi. Akasema, "Sawa, mwenyekiti." Kwa ile sauti.

Jumapili, 16 Machi
Kitambaa kimeondolewa kwenye sanamu baada ya ibada. Mkono umeipita nguzo ya stima kwa urefu! TAWI: HISANI YA OBURE. Nimepigwa picha kumi na mbili. Kisha akafika Rodah, karani anayekagua majani yetu kituoni. Akatazama juu. Akahesabu kwa kidole, hadi nne. Akatangaza kwamba chai ni majani mawili na kichipukizi, na mkono huo ungefika kwake angeurudisha nyumbani na kapu lake. Watu walicheka hadi mama anayeuza ndizi hapo njia panda akakaa chini.

Jumatatu, 17 Machi
Sotik nzima sasa inakutana "kwa Majani Manne". Pikipiki zinaegeshwa kwa Majani Manne. Uchaguzi wetu nao umehamishiwa huko, eti kila mtu anapajua! Nilimwomba Masese apunguze majani mawili. Akasema, "Nilinakili nilichopewa, mzee." Nikaazima ngazi na nyundo.

Jumanne, 18 Machi
Nyundo iliteleza. Majani yote manne yako salama. Kichipukizi ndicho kilianguka.

Jumatano, 19 Machi
Tumepiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea. Ya Nyagaka ilimpita mama wa ndizi. Hakufanya kampeni; alinyoosha kidole juu tu. Waliopanga nyuma yangu Rodah aliwahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Makofi! Esnah hakuwa mmoja wao.

Alhamisi, 20 Machi
Ukweli, kwa kuwa daftari hili Esnah halifungui: asubuhi ile nilipochuma tawi sikukosea wala sikuwa na haraka. Hivyo ndivyo ninavyochuma siku zote. Manne hujaza kapu upesi. Kisha namwaga mazuri ya Esnah juu yake, Rodah asione ya chini. Saruji haina chini.

Basi, yamekwisha. Masese amepata kazi nyingine Sigor: sanamu ya ng'ombe wa maziwa. Anatafuta ng'ombe wa kuiga. Nimempigia simu kabla Nyagaka hajaamka. Wangu ana chuchu tatu, ya nne iliziba zamani. Lakini ng'ombe wa saruji, nani atainama kuhesabu?