Majibu ya Honorata Yapitie Kwangu

Jumatatu, 6 Oktoba

Honorata kapigwa picha ya matiti leo, kule hospitali ya Rockville. Karudi mchangamfu, kapika maharage ya nazi, anaimba. Mimi chakula hakikupita. Dada yake, Edna, tulimzika kwa saratani ya titi, na mke wangu anaimba!

Nimemuuliza majibu yanatoka lini. Kasema atatumiwa. Atatumiwa! Yeye mwenyewe, moja kwa moja, kama mtu anayetumiwa risiti ya umeme. Kwetu daktari mwenye adabu zake hutoka mlangoni na kuuliza ndugu wa mgonjwa yuko wapi. Ndugu anavutwa pembeni, anaambiwa, anameza mate, kisha anatafuta namna ya kumfikishia mgonjwa kidogo kidogo, akishakula. Katika nyumba hii ndugu wa mgonjwa ni mimi. Binti yetu Bridget yuko chuoni Fairfax, na hata hivyo ana mdomo.

Nimeamua. Majibu yatapitia kwangu. Yakiwa mazuri, nitampa. Yakiwa mabaya, nitakaa nayo mpaka nijue la kufanya. Mpango safi kabisa. Nashangaa Wamarekani hawakuufikiria.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeomba ruhusa kazini, nikavaa suti ya kanisani, nikaenda Rockville na mfuko wa sambusa. Mapokezini nimejitambulisha kwa heshima zote kuwa mimi ndiye ndugu wa mgonjwa. Kijana wa mapokezi hakukielewa cheo hicho. Akamwita mkubwa wake, Abeni, mama Mmarekani mweusi mwenye miwani nyekundu. Nikamweleza kwa Kiingereza changu chote. Kanijibu kwa Kiswahili! Alikisoma chuo kikuu, kisha akakaa Morogoro mwaka mzima. Anazungumza kama anasoma taarifa ya habari. Nilijikuta nimesimama wima.

Kasema sheria inataka mwanamke aliyepigwa picha ajulishwe yeye mwenyewe, kwa lugha nyepesi, na aambiwe pia iwapo matiti yake yana nyama nzito inayoweza kuficha uvimbe. Si mume. Si kaka. Si mchungaji. Nikamuuliza kama aliyetunga sheria hiyo alikuwa na mke. Kasema ilipiganiwa na wanawake ambao hawakuambiwa mapema.

Sambusa kazikataa, eti kanuni za kazi. Nimezila kwenye gari, zote, kwa hasira.

Jumatano, 8 Oktoba

Cheruiyot wa ghorofa ya chini ananitafuta ubaya. Ni Mkenya, tunafanya kazi ghala moja hapa Landover, na hakuna kitu asichokijua. Kaniambia nisihangaike kuvizia sanduku la barua. Daktari akishatia sahihi tu, majibu yanaingia kwenye simu ya mgonjwa papo hapo. Akafungua ya kwake kunionyesha mafuta yake ya damu. Kwa fahari! Kasema niwachane na hiyo maneno, bibi yangu ni mtu mzima. Kwao mke ni bibi.

Kwa hiyo adui ni simu. Honorata alipoingia kuoga, nimeichukua, nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki (mimi si mjinga) na kuizika ndani ya ndoo ya unga. Alipotoka nikamwambia pengine kaisahau kwenye treni. Kageuza makochi. Kapekua mkoba. Halafu kachukua simu yangu, kaipigia ya kwake.

Ndoo ikaita.

Kaitoa, kakung'uta unga, kafuta kioo kwa pindo la kanga. Kakitazama kioo kwa muda, kaitia simu mfukoni, kasonga ugali. Nimekula bila kuinua macho.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ajabu ya leo. Cheruiyot kanishika tangu tulipotoka kazini. Kwanza nimsaidie kubeba kochi. Halafu tutazame mpira. Halafu chai. Halafu ananiuliza presha yangu inaendeleaje, na kama nalala vizuri. Anafurahia matatizo yangu, huyu. Chai yake nimekunywa vikombe viwili ili apate hasara.

Honorata nimemkuta kakaa dirishani, haimbi. Nikamuuliza kulikoni. Kasema amechoka na kazi. Anatunza wazee, kazi ya kuinua watu wazito kutwa nzima, inaeleweka. Nimemkanda mabega. Kanishika mkono akaung'ang'ania zaidi kidogo kuliko kawaida.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku ya aibu.

Honorata yuko bafuni, simu yake iko mezani, ikaita. Namba ya Rockville! Mungu kanipa nafasi, naipotezaje? Nimepokea, nikabana koo, nikasema kwa sauti nyembamba kuwa mimi ndiye Honorata. Wakaomba tarehe ya kuzaliwa. Nikawapa tarehe kumi na nne Machi, siku tunayomkatia keki kila mwaka. Si sahihi, wakasema. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba kwenye pasipoti ni Julai mosi. Mwalimu mkuu wao aliwaandika darasa zima Julai mosi ili amalize kazi mapema. Nikawapa na ya Julai. Nikaeleza kwamba mimi ni mwanamke mwenye tarehe mbili, na nina mafua.

Kisha ile sauti ya taarifa ya habari ikasema kwa Kiswahili safi kwamba Bwana Zefania anaombwa ampe simu mama.

Mama alikuwa nyuma yangu, taulo kichwani.

Kaichukua, kashukuru, kasema Jumanne asubuhi itamfaa. Akakata. Akaketi. Kaniambia wamemwita apigwe picha nyingine, kuna kitu wamekiona upande wa kushoto na hawajajua ni nini. Amejua tangu Jumatano. Ujumbe aliusoma palepale kwenye ndoo, kioo bado kina unga. Kanificha kwa sababu ya presha yangu, na ni yeye aliyemwomba Cheruiyot asiniache peke yangu.

Nimefichwa! Mimi! Ndani ya nyumba yangu! Nikaanza hotuba juu ya uaminifu katika ndoa. Kaniacha nikaimaliza yote. Kisha kasema:

"Edna aliambiwa wa mwisho, Baba Bridget. Kaka zake walijua, kwaya ilijua, hadi muuza maziwa alijua. Kafa anauliza kwa nini watu wanamtazama vile. Mimi nataka nijue wa kwanza, hata kama ni baya. Nilivyokuficha nilikosea. Usinifiche na wewe."

Nimelia. Nimemwambia naogopa sana kubaki bila yeye. Kasema anajua, na yeye anaogopa. Tumekaa tumeshikana mikono mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyeinuka kuipasha.

Jumanne, 14 Oktoba

Rockville tena, safari hii wawili. Honorata ametia sahihi kwamba na mimi naruhusiwa kuambiwa. Ruhusa rasmi! Abeni kaipokea, kanitazama juu ya miwani, kaniuliza kama mafua yangu yamepona. Nimesema yamepona, ahsante.

Nimengoja kwenye kiti kati ya wanawake waliovaa magauni ya hospitali, mwanamume peke yangu, nikisoma gazeti la mapishi. Mmoja kanipa peremende. Honorata alipotoka alikuwa amejifunga kanga mabegani, mdogo kuliko nilivyomzoea. Hakuna majibu leo. Lazima daktari azisome picha kwanza.

Nimeapa mbele za Mungu: hakuna mipango tena. Honorata ni wa kwanza kujua kila kitu. Nimebadilika. Nalihisi kabisa badiliko hilo, hasa kifuani.

Alhamisi, 16 Oktoba

Abeni kanipigia nikiwa ghalani. Alimpigia Honorata kwanza, hakupatikana, yuko na wazee wake. Kasema majibu ni salama. Ni kifuko cha maji tu, si saratani. Matiti yake yana nyama nzito, basi arudi mwakani bila kukosa. Nimekaa juu ya maboksi nikalia mbele ya watu wote, na Cheruiyot kasimama mbele yangu wasinione.

Sasa, habari ya namna hii huwezi kumwambia mtu kwenye simu akiwa amemwinua mzee wa watu. Inataka meza. Inataka samaki mzima mwenye kichwa. Nikaamua kungoja jioni, nimwambie akishakula.

Lakini furaha nayo haifungiki. Cheruiyot alikuwa ameshajua, huyo hahesabiki. Nikampigia mchungaji. Nikampigia Bridget, akapiga kelele hadi sikio likaniuma. Nikamwambia msimamizi wangu. Nikamwambia mwanamke wa kwenye duka la samaki, ambaye hamjui Honorata, naye akanipongeza na kunichagulia samaki mnono.

Nimefika nyumbani, Honorata yupo mezani na simu mbele yake. Kasema aliyasoma saa nne asubuhi, kwenye choo cha kazini, kacheka na kulia peke yake humo ndani, kisha kanipigia na simu yangu muda wote inatumika. Mchungaji alimpigia kumpongeza. Bridget pia. Kaniuliza nilikuwa naongea na nani kutwa, wakati yeye alikuwa ananitaka.

Nikasema nilikuwa natafuta samaki.

Kisha kalaza kichwa begani kwangu, pamoja na harufu yote ya samaki, na tukakaa. Alikuwa mzito na wa joto. Nimemshukuru Mungu kwa kila kilo.

Kesho nakwenda Rockville kuonana na Abeni. Sitaki tena majibu yapitie kwangu, hilo nimelielewa, sheria ni sheria na ni nzuri. Ninachoomba ni kwamba mwakani daktari akishatia sahihi, wayashikilie kidogo tu, mpaka niwe nimeshafika alipo Honorata na kukaa karibu yake. Asiyasome tena peke yake chooni. Si jambo kubwa hilo, na yeye si lazima ajue.