Mwenyekiti Hatazami Karata Zake

Ndugu Katibu wa Halmashauri, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maji, wajumbe wa Kamati ya Michezo, na wajumbe wa Kamati ya Pamoja ya Maji na Michezo, ambayo ndiyo imetufikisha hapa tulipo, Makamu Mwenyekiti, nafasi ambayo naikaimu mimi mwenyewe mpaka apatikane mtu wa levo yangu, Ndugu Msimamizi wa Soko, Ndugu Mhandisi, Muuguzi Mkuu wa zahanati hii, dada yetu, hebu simama watu wakuone, basi kaa, inatosha, wageni waalikwa na wageni mliojialika kwa kuona turubai, kina mama mnaochungulia madirishani huko wodini, na watoto ambao bado hamjazaliwa lakini tayari mmo kwenye takwimu zetu: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naiidhinisha. (Makofi.)

Ndugu wananchi, leo nasimama mbele ya bomba hili lililofungwa utepe mwekundu ili kuzindua Feesi ya Kwanza ya Mradi Mtambuka wa Maji ya Bomba katika Wodi ya Wazazi, mradi ambao, kwa mujibu wa ripoti niliyoiandika mwenyewe na kuipitisha mwenyewe ili kuokoa muda wa serikali, umekamilika kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, hizo kumi na mbili za juu zikiwa ni uzalendo. (Makofi. Katibu anaendelea kupiga peke yake.) Asante, Katibu, inatosha.

Tumetoka mbali. Miezi minane iliyopita halmashauri yetu ilipokea pampu ya maji, mpya, ikiwa kwenye boksi lake, na ilikuwa moja. Waombaji walikuwa watatu. Ilikuwapo zahanati hii, iliyosema kwamba kina mama wanajifungua huku maji yanachotwa kisimani ng'ambo ya uwanja wa mpira. Lilikuwapo soko, lililosema kwamba mabucha yake yananuka mpaka wateja wanaagiza nyama wakiwa wamesimama barabarani. Na ilikuwapo ofisi yangu, ambayo haikusema lolote, kwa sababu ofisi kubwa haijielezi, ila nyasi zake zilikuwa zinanyauka mbele ya wageni wa kimataifa. Mhandisi akajaribu kutushauri tuangalie ni nani mwenye shida zaidi. Nikamwambia, mzee wangu, hiyo sasa ni siasa. (Kicheko kidogo.) Pampu haigawanyiki, huwezi kumpa huyu mota na yule mpira wa maji. Ndipo Kamati ya Pamoja, baada ya wokishopu ya siku nne iliyokuwa na chai ya saa nne na chai ya saa kumi, ikaibuka na stratejia shirikishi, ya uwazi na isiyo na upendeleo: pampu ichezewe poka.

Kwa faida ya ambao hamkuwapo ukumbini siku ile, poka ni mchezo wa karata wa watu makini. Kila mchezaji anapewa vibao vya plastiki sawa na wenzake. Kila duru anagawiwa karata mbili za kuficha, halafu zinafunuliwa tano mezani kwa wote, na mwenye mpangilio bora anazoa vibao vilivyowekwa. Ukiishiwa vibao, unanyanyuka ukampishe mwenzako hewa. Na wakati wowote ukijiona una ubavu, unaruhusiwa kusukuma vibao vyako vyote katikati ya meza, ufe au upone. Kwa kifupi, hauna tofauti na bajeti.

Msimamizi wa Soko alitoka mapema, maana alitaka kubembeleza kila karata kana kwamba ina bei. (Kicheko. Msimamizi wa Soko hacheki.) Tukabaki wawili, mimi na dada yetu Muuguzi Mkuu, vibao vyetu sawa kwa sawa. Na hapa nataka niwe mkweli, kwa kuwa ukweli ni sehemu ya vishoni yangu: dada huyu alicheza vizuri. Nasikia alifanya mazoezi mwezi mzima na mumewe mezani kwao, kwa maharage badala ya vibao. Saa sita nzima alikaa pale. Karata mbaya anatupa, karata ya wasiwasi anatupa, chai anakataa, anangoja. Mimi nilikuwa nimefika pale kwa kusukuma vyote mara tano, na mara zote tano nikaokolewa na karata ya mwisho, jambo ambalo wataalamu wangu wa riski menejimenti wamelithibitisha kuwa ni mfumo.

Basi zikagawiwa karata mbili mbili. Sasa nyie mnajua desturi yangu. Miaka kumi na tisa ofisini sijawahi kufunua faili. Faili likija nauliza kitu kimoja tu: nisaini wapi? Karata zilipotua mbele yangu zimelala kifudifudi, mkono huu, huu hapa, ukafanya ulichozoea: ukazisogeza pembeni bila kuzifunua, ukasukuma vyote, na mdomo ukasema, "Imepita." Sikuwa nimekusudia. Yaani, nilikusudia, lakini kwa ngazi ya juu zaidi.

Dada yetu akatazama karata zake, akazitazama tena, akanitazama mimi. Akasema kwa upole, "Mheshimiwa, hujaangalia karata zako." Nikamjibu, "Dada, kiongozi haangalii. Kiongozi anaona." (Makofi.) Akasukuma na yeye. Tukafunua. Yeye alikuwa na ree mbili, ndugu zangu, jozi kubwa kuliko zote, iliyomchukua saa sita kuingoja. Mimi nilikuwa na saba ya pau na mbili ya kopa, karata ambazo hata mlevi anazitupa. Mezani ikaja saba. Ikaja tisa, akaja mfalme, ikaja nne. Karata ya mwisho: saba! (Makofi, vigelegele vya mtu mmoja.) Saba tatu dhidi ya ree mbili! Mgawa karata alishika kichwa. Mhandisi alitoka nje. Dada yetu alikaa tu pale anaitazama ile saba, na mimi, kwa unyenyekevu wangu unaofahamika, nikamshika bega nikamwambia, dada yangu, asiyekubali kushindwa si mshindani.

Wapo waliosema ni bahati. Watasema nini tena? Wahenga walisema subira yavuta heri, lakini wahenga hao hao wakatahadharisha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nikachagua la pili kwa kuwa lina matokeo. Tumefanya tathmini huru. Kati ya duru zote nilizocheza bila kutazama siku ile, tumechambua kwa kina ile moja ya mwisho, na imeonekana kwamba mafanikio yalikuwa asilimia mia moja. (Katibu: "Kweli kabisa!") Kesho yake nikatoa waraka kwa idara zote: kuanzia sasa tunaidhinisha kwanza, kutazama ni hiari. Kitengo cha barabara kimekwisha kujenga daraja mahali pasipo na mto. Mto ukija utatukuta tayari.

Sasa, pampu ilikuwa imeanza safari kuelekea kwenye nyasi zangu pale dada yetu alipokuja ofisini. Hakulia. Hakulaumu. Alisimama mlangoni na sare yake ya kazi, mikono imepauka kwa sabuni, akasema, "Mheshimiwa, ulishinda. Siji kuomba mchezo urudiwe. Nakuja kuomba maji. Jana nimempokea mtoto nikakosa maji ya kunawa, nikatumia ya kunywa ya mlinzi." Ndugu wananchi, mimi nina moyo wa nyama. Machozi yalinilenga, na Katibu ni shahidi, ndiye aliyeyafuta. Nikasema, dada, chukua neno langu, wodi itapata. Tena kwa nini ipate pampu moja? Nitaipatia nne!

Akasema, "Moja inatosha, Mheshimiwa."

Moja inatosha! Mnaona tunavyokwamishwa na fikra ndogo? Mkono mtupu haulambwi, lakini mkono wenye pampu moja nao haupigiwi picha. Hivyo nikaibeba ile pampu, na boksi lake, nikaenda nayo kwenye Mashindano ya Kanda, ambako halmashauri nne zilikubaliana kila moja iweke pampu yake mezani, na mshindi aondoke na zote nne. Fizibiliti stadi ilifanyika ndani ya gari. Dereva wangu alisema, "Bosi, kama ni mimi ningeiacha nyumbani." Nimemhamishia idara nyingine. (Kicheko cha wasiwasi.)

Nikafika fainali kwa mfumo wangu ule ule. Aliyenikalia upande wa pili hakuwa hata kiongozi: alikuwa dereva wa tingatinga wa halmashauri jirani, kijana wa kunyonya kijiti cha meno, kofia imegeuzwa kisogoni. Zikagawiwa karata. Mimi, kwa hekima, sikutazama, nikasukuma vyote. Na yule bwana, ndugu zangu, sikilizeni vizuri jambo hili la aibu, naye hakutazama! Akasukuma vyote, akasema, "Habari zako zimetufikia, mzee. Nikasema na mimi nijaribu." Tukafunua. Mimi nilikuwa na ree mbili. Naam, ree mbili, zilikuwa zimelala hapo muda wote zikinisubiri. Yeye alikuwa na nane na tatu. Mezani ikaja nane. Ikaja nane nyingine. Nane tatu.

(Katibu anaanza kupiga makofi, anaacha.)

Huo si mchezo, huo ni uhuni! Mtu mzima na akili zake anasukuma kila alichonacho na nane na tatu? Bila hata kufunua? Anachezea maji ya kina mama wanaojifungua kwa karata asizozijua, halafu karata ya kubahatisha inamwokoa, anashangilia, ananyanyua mikono, anajiita bingwa? Ni malezi gani hayo? Mtu wa namna hiyo hana nidhamu, hana huruma, hana haya, na hafai kukabidhiwa hata funguo za choo! (Mtu anakohoa. Muuguzi Mkuu anamtazama Mwenyekiti bila kupepesa.) Mnaitikia kwa kimya, naelewa, na mimi niliumia hivyo hivyo. Nilikataa kumpa mkono. Nimekata rufaa ya kurasa arobaini na mbili, na hoja yangu kuu iko wazi: bahati haiwezi kuwa msingi wa maendeleo. Aliyengoja... yaani, aliyekuwa na karata bora ndiye aliyestahili. Hiyo ni kanuni, na kanuni hiyo inaanza kutumika tarehe ya Mashindano ya Kanda, si kabla ya hapo.

(Muuguzi Mkuu, kutoka nyuma: "Kwa hiyo pampu iko wapi?")

Swali zuri sana, na linaonyesha uelewa mpana wa stekiholda wetu. Pampu ipo. Haijapotea. Ipo kwa majirani zetu, inafanya kazi usiku na mchana, na kwa mujibu wa sera ya ujirani mwema mafanikio yao ni mafanikio yetu. Nasikia wodi yao ina maji mpaka wanaosha ngazi.

(Muuguzi Mkuu: "Na sisi?")

Na sisi tuna maono, dada. Rufaa ikikubaliwa, pampu zinarudi nne. Ikikataliwa, msimu ujao tunarudi mezani, na nimekwisha kupata ridhaa ya kamati kuweka dau la gari la wagonjwa. (Minong'ono.) Tulieni! Tulieni, nimesema nimepata ridhaa.

Ndugu zangu, muda si rafiki, na namwona dada yetu pale anahangaika kama ana pa kwenda. Naomba tusimame tuitikie kwa pamoja. Nikisema maji, ninyi semeni yanakuja. Maji! (Yanakuja, sauti chache.) Karata! (Hakuna anayejua kiitikio.) Mnasema hatutazami. Karata! (Katibu: "Hatutazami!") Mwenyekiti! (Katibu: "Oyee!")

Nisiondoke bila kushukuru, maana moyo usio na shukrani hukausha mema mengi. Namshukuru fundi aliyelisimika bomba hili hapa jana alasiri, kazi nzuri na ya haraka, kwa kuwa halikuhitaji kuungwa na kitu chochote ila lile tangi dogo mliloligeuzia mgongo nyuma ya turubai. Nawashukuru wauguzi wa zamu, ambao tangu alfajiri wamevuka uwanja wa mpira mara ishirini na sita na ndoo kichwani ili tangi hilo lijae na ninyi mshuhudie maji yakitoka. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru mama wa kitanda cha tatu, ambaye naambiwa na Katibu kwamba amejifungua mtoto wa kike robo saa iliyopita, wakati nikiwa kwenye takwimu, na kwa kuwa maji yote ya wodi yako humu kwenye tangi, ameonyesha uzalendo mkubwa wa kungoja, yeye na mwanawe, mpaka nimalize kukata utepe na kunawa mikono mbele ya kamera. Apigiwe makofi. (Hakuna makofi.) Katibu, mkasi.

(Muuguzi Mkuu anapita katikati ya viti na ndoo mkononi. Anaung'oa utepe, anafungua bomba, anaikinga ndoo.)

Dada! Dada, mbona hatujapiga picha?