Kimea Kiko Chini ya Sofa

Jumatatu, 16 Desemba 1996. Himo.

Lori la kwanza la Krismasi limeingia mchana kutoka Dar es Salaam. Limebeba nyumba za watu. Makabati, magodoro, mabati, friji ya mtu ambaye kwao umeme haujafika. Juu kabisa seti nzima ya sofa, na juu ya sofa abiria watatu, mmoja kakunja nne, wakiingia Himo kama maharusi. Dereva Vedastus, mtu wa Bukoba, ameshuka akasema mzigo umefungwa vizuri sana. Kamba ikakatika hapo hapo.

Mzee Sirili, mwenye malori, ametuita mimi na Dainess. Kasema kila mwaka ni fujo ile ile. Watoto wa mlimani, Wachagga wenzetu walioko Dar, hutanguliza mizigo yao kabla ya kuja Krismasi, malori makubwa huimwaga hapa Himo, vilori vidogo huipandisha vijijini, na kila mwaka kuna familia inayopata godoro lake Januari. Makarani ni wawili. Baada ya Mwaka Mpya atabaki mmoja: yule atakayefanya stoo iwe tupu mkesha wa Krismasi.

Nikishindwa, narudi Kilema kwa Shangazi Mektrida kukata majani ya ng'ombe. Nimesoma hadi kidato cha sita. Nimeandika insha juu ya Mapinduzi ya Viwanda, na mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Mimi na ng'ombe tumeshamalizana.

Dainess simwogopi. Kakulia kwenye kambi za mashamba ya miwa kule bondeni, na ana mbinu moja tu ya kazi. Kila mteja anaambiwa njoo kesho. Kisha anaendelea kupaka rangi kucha.

Jumanne, 17 Desemba

Mfumo umepatikana! Alfabeti. Inashangaza kwamba hakuna aliyewahi kuifikiria. Kila mzigo una jina la ukoo lililoandikwa kwa rangi. Nimechora uwanja mzima kwa chokaa, A hadi Z, kama rafu za maktaba. Wapakuzi nikawapa hotuba fupi juu ya utaratibu. Walisikiliza wakiwa wameegemea mabati.

Jioni. Sina hamu ya kuandika, lakini ukweli ni ukweli.

Herufi A: baiskeli moja, ya Assey. K: magodoro ya akina Kimaro. L: kabati la Lyimo. M: dunia nzima. Massawe, Mushi, Mosha, Mtui, Minja, Mlay, Macha, Makundi. Rundo la M lilimeza N, likameza O, likafika getini likaziba. Lori la pili lilipokuja halikuwa na pa kuingilia. Likasimama barabarani, na magari ya Taveta yakapanga foleni nyuma yake yakipiga honi. Sehemu ya Z ilibaki safi. Vedastus kalala hapo mchana kutwa.

Naweza kujitetea. Shule ya bweni tulitoka mikoa yote, herufi zilienea vizuri. Sikukumbuka kwamba mlima huu hauna darasa la namna hiyo. Dainess akaniuliza taratibu, huku akipuliza kucha, jina langu la ukoo ni nani vile.

Nikajifanya nahesabu mabati. Ni Mosha.

Alhamisi, 19 Desemba

Shangazi Mektrida ameshuka Himo kwa miguu, na kitenge chake cha kanisani. Ishara mbaya. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia.

Habari yenyewe: kimea cha ulezi walichoagiza akina mama wa kwetu kiko kwenye lori la pili. Kilipakiwa kwanza, kwa hiyo kiko chini kabisa, chini ya sofa, chini ya mabati, chini ya kila kitu. Ndizi za mbege, pombe yetu ya sikukuu, zimeshachemshwa, zimo mapipani zinasubiri. Kimea kisipofika, hakuna mbege. Bila mbege, kasema Shangazi, ukoo utakaa siku ya Krismasi ukiangaliana kama watu waliokutana hospitali.

Lori la pili haliwezi kupakuliwa kwa sababu uwanja umejaa M. Nilijaribu kumweleza. Hakunigombeza. Aliangalia viatu vyangu vyenye kisigino, akauliza kama vinaingia zizini.

Nikaahidi kimea keshokutwa. Nimeahidi kwa sauti kubwa, wateja wote wamesikia.

Ijumaa, 20 Desemba

Tatizo la vilori vyetu ni uoga. Vinapanda na nusu mzigo, vinarudi, vinapanda tena. Kupoteza mafuta tu. Nikaamuru mizigo yote ya Kilema ipande kwa mkupuo mmoja. Mpakuzi mmoja aliuliza kama nimewahi kupita ile njia mvua ikinyesha. Nikamwambia nimezaliwa kule. Sikusema kwamba tangu darasa la tano nimekuwa nikirudi likizo tu, tena sikutoka nje sana. Nilikuwa nasoma.

Nilikaa mbele na Vedastus ili kusimamia. Tulipofika kwenye mwinuko, nikaona mbingu. Nilidhani ni mandhari. Kumbe magurudumu ya mbele yameacha ardhi, kilori kimesimama kwa miguu ya nyuma kama mbuzi anayetaka majani ya juu. Vedastus akaanza Salamu Maria kwa Kihaya. Nyuma yetu kila kitu kikateremka. Sofa moja kubwa iliserereka peke yake kwenye tope, ikakata kona vizuri kuliko dereva wetu, ikasimama mbele ya kilabu cha pombe. Tulipoifikia tayari ina wateja wawili, wanaagiza supu.

Mzigo wote umerudi Himo. Una matope. Sofa ina supu. Mzee Sirili alizunguka uwanja akiwa ameshika kichwa, kisha akamwambia Dainess, si mimi, amtafutie dawa ya kichwa.

Dainess leo kawaambia watu zaidi ya mia njoo kesho. Wanamshukuru na kuondoka. Sielewi binadamu.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimelala Kilema ili nifikirie. Asubuhi nilipokwenda kunawa nikaliona pale mpakani mwa kihamba cha Shangazi, shamba lake la migomba, la kijani, limesimama wima. Isale!

Kila mtoto wa mlimani anajua. Mtu akikuletea jani la isale kukuomba msamaha, huwezi kukataa. Hata awe amekukosea nini. Basi nikafanya hesabu rahisi. Wateja wananifokea dirishani kwa sababu mizigo imechelewa. Mtu aliyekwisha kusamehe hawezi kufoka. Wasipofoka, nitapata utulivu wa kupanga kazi. Kwa hiyo wasamehe kwanza, mapema, wote, kwa pamoja. Nani Himo nzima angefikia wazo hili? Hakuna. Hapa ndipo elimu inapokutana na mila.

Nimekata masale kikapu kizima. Shangazi alikuwa sokoni, kwa hiyo sikumsumbua kwa maswali. Nimemkabidhi Vedastus ayagawe kesho alfajiri nyumba kwa nyumba kwa kila familia yenye mzigo stoo. Akauliza aseme nini. Nikamwambia aseme yametoka ofisini.

Leo nitalala usingizi mzuri, mara ya kwanza wiki hii.

Jumapili, 22 Desemba

Niandike kwa utulivu.

Kumbe kuna mambo ambayo kila mtoto wa mlimani anayajua, na mengine ambayo yanajulikana na wale waliobaki nyumbani likizo ikiisha. Isale haliletwi kwa sababu ya godoro. Huletwa kwa jambo zito: damu, ardhi, mzazi aliyetukanwa. Huletwa na mshenga mtu mzima, kwa heshima, polepole. Halirushwi kupitia dirisha la kilori na Mhaya aliyechelewa misa.

Mzee Leodegar Mtui alikuwa anasubiri mabati kutoka kwa mwanawe aliyeko Dar. Badala ya mabati akapata isale kutoka kwa wenye malori. Mzee akafikiri kidogo tu. Lori. Mwanangu. Isale. Akakaa chini. Kufikia saa nne nyumbani kwake akina mama wanalia, majirani wanakata migomba kusafisha ua, na fundi keshapima mbao za jeneza. Nyumba ya pili vivyo hivyo. Na ya tatu. Padre alishangaa kanisa limepungukiwa watu Jumapili ya mwisho ya Majilio, akaambiwa parokia nzima iko msibani, ila hakuna anayejua aliyekufa.

Saa nane mlima ukashuka Himo. Wazee mbele, na makoti yao na fimbo. Akina mama nyuma. Hawakufoka, hilo nililikadiria sawasawa. Walikuja kimya, wakajaa uwanjani katikati ya makabati, na Mzee Leodegar akasogea hadi dirishani kwangu. Jani lilikuwa mkononi mwake.

"Mwanangu," akasema, "mmemuua nani?"

Nikamwambia hakuna. Mizigo imechelewa tu.

Hata magari ya Taveta yalitulia. Mzee aligeuza jani huku na huku, kama mtu anayetafuta maneno mengine nyuma yake. Kisha akaniuliza kama mwanawe yu hai. Nikamwambia yu hai, anafika Jumanne, na mabati yake yako hapo chini ya jokofu. Mzee akakaa kwenye sofa yenye supu, akafuta macho. Kwa dakika hiyo nilitamani niwe ng'ombe.

Ndipo wazee wakaanza kikao. Jani likishapokelewa haliwezi kutupwa kama takataka, lazima lifikishwe mwisho wake: mbuzi na mbege. Mbuzi wa nani? Shangazi Mektrida akasimama, sikujua hata kama yupo. Akasema baba wa binti huyu ni marehemu, nyumbani mkubwa wake ni mimi, lakini kosa kalifanyia huku, na huku yuko chini ya Sirili. Macho yote kwa Mzee Sirili. Mzee Sirili akaniangalia mimi. Akasema atatoa mbuzi.

Na mbege? Hakuna mbege Kilema nzima. Kimea kiko chini ya sofa.

Mzee Leodegar akavua koti. Sijui kama nitaeleza vizuri kilichofuata. Mlima mzima ulilivamia lile lori la pili na marundo yote ya uwanjani. Hakuna alfabeti, hakuna mkupuo, hakuna hotuba. Mtu akiona kabati lake analibeba. Akiona la jirani anampigia mluzi. Jina la Massawe liliposomwa walinyoosha mikono watu ishirini, wakatazamana, wakajua wenyewe ni Massawe yupi mwenye mke anayependa mapazia ya njano. Godoro kichwani, bati begani, friji kwenye machela ya migomba, wakapanda zao. Kimea kilionekana jua likielekea kutua. Akina mama walipiga vigelegele kama kwa mtoto mchanga.

Stoo tupu. Siku mbili kabla ya mkesha.

Mfumo wangu umefanya kazi.

Jumanne, 24 Desemba

Msamaha umenywewa leo kwa Mzee Leodegar. Mwanawe amefika, mnene, mzima, akashangaa kukuta ua umesafishwa kwa ajili yake. Fundi kaziuza mbao kwa mtu anayejenga banda la kuku.

Mbege ilitoka vizuri. Kibuyu kilizunguka, kikafika kwangu, nikanywa mbele ya wazee wote. Kisha Mzee Leodegar akatamka kwamba jambo limekufa, na hakuna mwenye ruhusa ya kulifufua wala kuliadhibu. Mzee Sirili, ambaye mbuzi wake alikuwa anazunguka kwenye sinia, aliinua kichwa. Akauliza wala kuliadhibu vipi. Kwa mfano, mwajiri. Wazee wakashauriana kwa Kichagga. Wakasema huyo zaidi ya wote, kwa sababu ndiye aliyetoa mbuzi.

Mzee Sirili akaomba kibuyu. Alikunywa muda mrefu.

Basi nimebaki! Karani wa kudumu, Himo, kwa nguvu ya mila na elimu. Shangazi kanitazama na kusema ng'ombe wana bahati. Nadhani ni wivu kidogo.

Dainess namwonea huruma. Mzee Sirili kamhamishia ofisi ya Moshi mjini, karibu na hospitali ya Mawenzi, chumba chenye feni na simu na dirisha lenye pazia. Maskini. Ndivyo ushindani ulivyo, lazima mmoja ashindwe. Nilimpa mkono nikamtakia heri. Alicheka hadi akashika ukuta.

Ijumaa, 27 Desemba

Wanarudi Dar. Sasa fujo imegeuka, mizigo inashuka badala ya kupanda, na karani ni mimi peke yangu. Kila mama wa mlimani anamtumia mwanawe ndizi. Mikungu, mikungu, mikungu, kila mmoja umefungwa kwa majani na kamba yake yenye jina, na kila mama anataka kunieleza ni ya aina gani, imetoka sehemu gani ya kihamba, ni ya kuchemsha au ya kuchoma au ya mtori wa mjukuu, na isikutane na ile nyingine. Foleni haisogei.

Mzee Sirili alipita asubuhi. Aliniuliza kama wazee walisema msamaha unagusa pia makosa ambayo bado hayajafanyika. Nikamwambia sidhani. Uso wake ukachangamka kidogo, akaenda kuegesha gari mahali anapoweza kuniona.

Nimekaa nikafikiri, na jibu limekuja lenyewe, safi kabisa. Kosa la watu wa malori miaka yote ni kuhangaika na majina. Sofa na kabati, sawa, vinatofautiana. Lakini huu ni mzigo wa aina moja! Nimewaagiza wapakiaji wafungue kamba zote, waondoe majani, wamwage mikungu yote pamoja ndani ya lori, imejipanga vizuri ajabu, hakuna nafasi iliyopotea. Kule Dar kila mtu atapewa idadi ya mikungu aliyotumiwa, yoyote ile. Ndizi ni ndizi.

Lori limeondoka sasa hivi, mapema kuliko wakati wowote katika historia ya stoo hii. Akina mama wameliona likipita na ndizi zikiwa wazi. Wamesimama. Sasa wanarudi huku, wote kwa pamoja, haraka sana.

Nitatoka nje niwapokee. Mtu akishukuriwa ni adabu asimame.